Hoja kuu ya insha ya chuo: mwongozo kamili wa kuiandika, hatua kwa hatua

Jamani naomba tukae tulimalize hili. Kila semista ikifika katikati watu wananitumia insha zao niwapitishie macho kabla hawajaenda steshenari kuprinti, na karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja: kurasa saba zipo, nukuu zipo, marejeo yamepangwa vizuri, Kiingereza kinaeleweka, ila ukimaliza kusoma hujui huyu mtu alikuwa anasema nini. Pepa ikirudi imeandikwa kwa wino mwekundu pembeni ya utangulizi "hoja yako ni ipi?", maksi kumi na moja kwa ishirini, na mtu anaumia kwa sababu amekesha kweli. Kazi kaifanya, iliyokosekana ni sentensi moja.

Sentensi hiyo ndo ile darasani tunaiita thesisi. Hapa nitaiita hoja kuu. Ni sentensi moja, mara chache mbili, inayotoa jibu lako kwa swali ulilopewa pamoja na sababu ya jibu hilo, na mtu mwingine aliyesoma vitabu vile vile anaweza kukukatalia. Shika hicho kipande cha mwisho, ndicho watu wanakiruka.

## Uwe na nini kabla hujaanza

- Swali lenyewe neno kwa neno, kama lilivyo kwenye karatasi ya mhadhiri, sio vile CR (kiongozi wa darasa) alivyolifupisha kwenye grupu la WhatsApp. Neno moja likidondoka swali limeshakuwa lingine.
- Vyanzo visivyopungua vitatu ulivyosoma mwenyewe: sura ya kitabu, makala ya jarida, ripoti. Madesa (notsi na majibu ya wenzako) ya mwaka jana hayahesabiki kwa sababu yanakupa jibu la mtu mwingine bila kukuonyesha alifikaje pale.
- Karatasi na kalamu mbili za rangi tofauti. Laptop iweke pembeni kwanza, ukianzia kwenye skrini utaanza kuremba sentensi ambayo bado haina maana.
- Mtu wa kubishana naye. Rumeti, dada yako nyumbani, yeyote asiyeona haya kukuuliza "kivipi?".
- Saa mbili hivi, na zisiwe za usiku wa kuamkia dedilaini.

Tutatembea na swali moja mwanzo mpaka mwisho ili uone kitu kinavyobadilika mkononi: *Jadili sababu zilizofanya vijiji vya ujamaa Tanzania visifikie malengo yake ya kiuchumi kati ya 1967 na 1985.* Vijiji vya ujamaa ni vile ambavyo serikali ya Nyerere ilitaka watu wa vijijini waishi na kulima kwa pamoja. Nimelichagua hili kwa sababu watu wa historia na wa DS (masomo ya maendeleo) wanakutana nalo kwa sura tofauti tofauti, na kwa sababu karibu kila mtu anakuja nalo likiwa na jibu la kukariri toka sekondari.

## Hatua ya 1: Lipasue swali

Chukua kalamu ya kwanza uzungushie neno la amri. "Tathmini" linataka hukumu yenye vigezo. "Linganisha" linataka useme tofauti uliyoiona ina maana gani, maana kuonyesha tu kwamba ipo haitoshi. "Kwa kiasi gani" linataka kipimo, yaani kabisa, kwa sehemu, au kidogo, na mwisho wake wapi.

"Jadili" ndilo linaloangusha wengi. Tumetoka nalo kidato cha sita tukilijua kama amri ya kupanga pointi sita, kila moja na aya yake, utangulizi juu na hitimisho chini. Chuoni "jadili" ni kitu kingine: sababu ziko nyingi, zipime kwenye mizani, sema ipi nzito na kwa nini unaona hivyo. Orodha bila kupima ndo inazaa zile maksi kumi na moja.

Kalamu ya pili, pigia mstari mipaka ya swali: wapi, lini, nani, upande gani. Kwenye swali letu mipaka ni Tanzania, 1967 hadi 1985, na neno "kiuchumi". Hilo neno watu wanalipita kama hawajaliona. Vijiji vilisogeza shule, zahanati na maji karibu na watu wengi, sasa wewe ukiandika "ujamaa ulishindwa" bila kusema umeshindwa kwenye nini, mhadhiri anakuangusha kwa mfano mmoja tu wa shule ya msingi.

Mwisho ligeuze lile swali liwe na alama ya kuuliza kweli: *Kati ya sababu zote zinazotajwa, ipi hasa ilifanya vijiji vya ujamaa visizalishe kama ilivyotarajiwa?*

Utajua hatua imekaa sawa ukiona swali lako jipya haliwezi kujibiwa kwa ndiyo tupu, wala kwa orodha.

## Hatua ya 2: Soma ukitafuta ugomvi

Wengi wetu tunasoma kwa kukusanya, kila kinachohusiana na mada kinaingia kwenye notsi. Badilisha. Soma ukitafuta mahali ambapo waandishi wanatofautiana, au mahali ambapo matukio mawili yanagombea kuwa sababu. Hoja kuu huwa inakaa hapo kwenye ugomvi, kwa sababu palipo na makubaliano hamna cha kutetea.

Gawanya karatasi safu mbili. Kushoto ushahidi, kulia andika unaelekea wapi. Yangu ilikuwa hivi kwa ufupi:

- Azimio la Arusha, lile tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, Februari 1967, halafu Septemba mwaka huo huo Nyerere anatoa andiko lake la ujamaa vijijini, mkazo ukiwa kwenye hiari.
- Ruvuma, vijiji kama Litowa vilishaanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima wakijipanga wenyewe. Jumuiya yao ikapigwa marufuku 1969.
- Novemba 1973 linatoka tangazo kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Hiari imekuwa amri. Operesheni Vijiji inahamisha mamilioni.
- 1973 na 1974 ukame. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani inaruka.
- 1974 na 1975 nchi inaagiza nafaka nyingi kutoka nje.
- 1976 vyama vikuu vya ushirika vinavunjwa.
- 1978 na 1979 vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin.

Ziangalie hizo tarehe taratibu, zinaongea. Kila mwaka napata insha inayoanza na vita vya Kagera kama sababu kubwa, wakati nafaka zilishaagizwa kwa wingi miaka minne kabla ya vita kuanza. Vita viliongeza maumivu, sawa, ila haviwezi kuwa chanzo cha shida iliyovitangulia. Umeshaitoa sababu moja kwenye kiti cha mbele kwa kutumia kalenda tu.

Kinachobaki kigumu ni ukame, kwa sababu ulikuja wakati ule ule watu wanahamishwa. Mavuno yaliangushwa na mvua kukosekana, au na kuhamishwa? Hapo ndo pana ugomvi wenyewe, na hapo ndipo insha yako inatakiwa iweke miguu.

Tahadhari moja: usiipe programu ya akili mnemba ikutafutie hoja kwenye hatua hii. Itakupa sentensi iliyonyooka, yenye pande zote mbili, isiyomkera mtu yeyote, na darasa zima litakuwa nayo hiyo hiyo. Halafu ukiitwa kwenye prezentesheni ukaulizwa "umeipata wapi hii" hutakuwa na njia ya kuirudia kwa sababu hukuipita.

Ukimaliza uwe na mstari mmoja tu umeandika chini ya karatasi: *Ugomvi upo kati ya ___ na ___.*

## Hatua ya 3: Funika karatasi, sema kwa mdomo

Kama una muda wa hatua moja tu kwenye mwongozo huu, fanya hii.

Kuna binti wa mwaka wa pili alikuja na insha yake ya swali hili hili. Utangulizi wake ulisema "insha hii inalenga kujadili sababu mbalimbali zilizopelekea kushindwa kwa vijiji vya ujamaa". Nikamwomba aigeuze karatasi kifudifudi mezani.

"Haya dada, niambie wewe, vile vijiji vilikwama kwa nini?"

"Kaka, sababu ziko nyingi. Za kisiasa, za kiuchumi na za kijamii."

"Hizo umenitajia majina ya droo. Ndani mna nini?"

Akanyamaza. Halafu akasema bibi yake mzaa mama, kule Shinyanga, alihamishwa. Huwa anawasimulia kwamba walikopelekwa udongo walikuwa hawaujui, na shamba la zamani likawa mbali mno kwenda kwa miguu na jembe begani na kurudi siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kaka hata mvua ingenyesha, wasingevuna."

Alivyosema hivyo akaushika mdomo wake mwenyewe. Nikampa kalamu, nikamwambia iandike hiyo hiyo kama ilivyotoka, usiiguse. Hilo lilikuwa jibu, lina upande, lina sababu, na limekabiliana na ukame uso kwa uso, vitu vinne ambavyo kurasa zake saba hazikuwa navyo. Simulizi ya bibi peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa insha nzima, alirudi maktaba akatafuta sura inayoeleza watu walivyohamishwa na kilichotokea kwenye kilimo, ila sasa alikuwa anajua anatafuta nini.

Kwa nini kwa mdomo, na kwa nini Kiswahili wakati insha ni ya Kiingereza? Kwa sababu Kiswahili ndo lugha tunayobishana nayo. Kijiweni kwenye kahawa hamna mtu anaanza na "ninalenga kujadili sababu za timu kufungwa". Anasema "tumefungwa kwa sababu kocha kamtoa kiungo mkabaji dakika ya sitini wakati katikati ndiko tulikokuwa tunapelekewa moto". Kuna dai, kuna sababu, na mzee wa upande wa pili tayari ameweka kikombe chini ajibu. Ubongo wako unajua kutengeneza hoja kuu toka zamani, ukishika kalamu na Kiingereza cha chuo ndo unaanza kuificha nyuma ya maneno makubwa.

Fanya hivi. Fungua WhatsApp, jirekodi sauti ya sekunde thelathini umtumie rafiki. Anza na "mimi naona" na hakikisha humo ndani kuna "kwa sababu". Halafu jisikilize, uandike ulichosema neno kwa neno, hata kama kimekaa hovyo.

Dalili nzuri: rafiki anajibu "hapana bwana" au "kivipi?". Akijibu kwa dole gumba tu, rudia, hujasema kitu bado.

## Hatua ya 4: Ipange kwa Ingawa, lakini, kwa sababu

Sasa chukua ile sauti uipange kwenye mifupa hii:

*Ingawa* (sababu ya upande wa pili, ile nzito), (jibu lako), *kwa sababu* (namna jambo lilivyotokea).

Mfano wetu ukiingia humo:

*Ingawa ukame wa 1973 na 1974 uliumiza mavuno, kilichofanya vijiji vya ujamaa visizalishe ni zaidi kugeuzwa kwa uhamiaji kutoka hiari kuwa amri mwaka 1973, kwa sababu wakulima walitengwa na mashamba na udongo waliouzoea, na maamuzi ya kilimo yakahama kutoka kwao kwenda kwa maofisa.*

Kipande cha "ingawa" kinamwonyesha msomaji kwamba unajua kuna jibu lingine na hujalikimbia. Weka humo mpinzani mwenye nguvu. Ukiweka dhaifu, kwa mfano "ingawa wengine wanasema wakulima walikuwa wavivu", utashinda bure na mhadhiri ataona.

Kipande cha katikati ndo upande wako. Neno "zaidi" pale ni la makusudi, hatusemi ukame haukuwa na athari, tunasema uzito uko wapi.

Kipande cha "kwa sababu" ndicho kinachotoa insha nzima. Angalia, kina vitu viwili: kutengwa na mashamba, na maamuzi kuhama. Tayari una sehemu mbili za mwili wa insha, na ile ya ukame inakuwa ya kwanza au ya mwisho. Muhtasari umejipanga wenyewe bila kukaa kufikiria "pointi ya nne niweke nini".

Hii mifupa ni kama mirunda ambayo fundi anasimamisha chini ya zege. Zege likikauka mirunda inatolewa. Hoja yako ikishasimama unaweza kuigeuza, ukaanza na jibu ukamalizia na ukame, au ukaigawa sentensi mbili. Ila usitoe mirunda mapema.

## Hatua ya 5: Ijaribu kabla hujaiamini

Hapa ndo yule mtu wa kubishana anafanya kazi yake. Msomee hoja, halafu pitisha maswali haya.

Nani atakataa? Taja mtu halisi kichwani mwako ambaye angebisha. Kwenye yetu, mtu anayeamini ukame na bei ya mafuta ndivyo vilivyoangusha uzalishaji atabisha, na ana ushahidi wake. Safi. Kwa "ujamaa ulikuwa na mafanikio na changamoto zake" hamna wa kubisha, maana hakuna sera duniani isiyo navyo.

Kivipi? Muulizaji aulize mara mbili mfululizo. Amri iliharibu uzalishaji, kivipi? Watu walitengwa na mashamba. Kivipi hiyo inapunguza mavuno? Umbali unakula saa za kulima, na ujuzi wa udongo hauhamishiki kwa lori. Ukifika la pili ukaishiwa, rudi kasome, hoja ni sahihi labda ila huijui bado.

Ushahidi gani ungeniangusha? Hili watu hawalipendi ila ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Jiulize ni kitu gani ukikikuta kitabuni kitakuvunjia hoja. Mimi hapa ningeogopa kukuta kwamba vijiji vya hiari navyo vilikwama vile vile kiuchumi. Kwa hiyo nakwenda Ruvuma kwa makusudi, nasoma vile vijiji vilikuwa na hali gani kabla ya 1969. Vikionekana vilikuwa vinajiendesha vizuri, nimepata aya yenye nguvu kuliko zote. Vikionekana vilikuwa na shida zao, hoja inapunguzwa makali, na ni bora niipunguze mimi kuliko mhadhiri.

Inaenea? Kurasa sita haziwezi kubeba "ukoloni uliharibu Afrika". Haziwezi pia kujazwa na "bei ya jembe ilipanda". Hoja yetu inaenea kurasa sita mpaka nane. Ukipewa kurasa tatu, kata kipande cha maofisa ubaki na mashamba.

Na kuna hili linawachanganya watu: rafiki yako anaweza kuandika kinyume chako, kwamba ukame na mafuta ndivyo vilivyoamua na amri ya 1973 ilikuwa ni jaribio la kukabiliana na njaa, akapata maksi nyingi kama wewe. Mhadhiri hana jibu moja kalificha kwenye droo. Anaangalia kama upande uliochagua umeubeba.

## Hatua ya 6: Safisha maneno mavivu

Sasa ruhusa kufungua laptop. Tafuta haya maneno kwenye hoja yako na kila moja liulize linafanya kazi gani: mbalimbali, mengi, changamoto, mchango mkubwa, nafasi muhimu, kwa namna moja au nyingine, kisiasa kiuchumi na kijamii.

"Changamoto" ndo baya kuliko yote. Linafunika kila kitu, njaa ni changamoto, rushwa ni changamoto, barabara mbovu ni changamoto, kwa hiyo msomaji hapati picha ya chochote. Litoe uweke jina la kitu chenyewe.

Hivi ndivyo sentensi ya yule binti ilivyosafiri:

*Ya kwanza:* Insha hii inalenga kujadili sababu mbalimbali zilizopelekea kushindwa kwa vijiji vya ujamaa. (Tangazo. Inasema insha itafanya nini, haisemi jibu.)

*Ya pili:* Vijiji vya ujamaa vilishindwa kwa sababu za kisiasa, kiuchumi na kijamii. (Droo tupu.)

*Ya tatu:* Vijiji vya ujamaa vilikumbwa na changamoto nyingi kama ukame na kuhamishwa kwa nguvu. (Vitu vimeanza kuonekana, lakini viko pamoja kwenye kapu moja, hakuna kilichopimwa.)

*Ya nne:* Hata mvua ingenyesha, wasingevuna. (Imetoka mdomoni. Ina upande.)

*Ya tano:* ile ya Ingawa uliyoiona juu.

Ukiangalia vizuri, kutoka ya tatu kwenda ya tano hakuna kikubwa alichoongeza kutoka kitabuni isipokuwa miaka na kile kipande cha maofisa. Kilichobadilika ni kwamba alikubali kuchagua.

## Hatua ya 7: Ivushe kwenda Kiingereza

Kama kozi yako inafundishwa kwa Kiswahili ruka hapa. Wengine, usichukue sentensi nzima ukaitupia kwenye programu ya kutafsiri. Inarudi ndefu, na mara nyingi mtendaji anapotea, nani alihamisha nani hapajulikani tena.

Ivunje kwanza vipande vitatu, kila kipande sentensi yake fupi ya Kiingereza chepesi: ukame uliumiza mavuno. Amri ya 1973 iliumiza zaidi. Wakulima walipoteza mashamba yao na sauti yao. Ziandike hizo tatu kwa Kiingereza unachokimudu, halafu ndo uziunganishe. Usitafute msamiati mzito, neno dogo unalolijua linabeba hoja vizuri kuliko neno kubwa ulilolitoa kwenye kamusi jana usiku.

Ukimaliza, fumba ile ya Kiswahili, soma ya Kiingereza peke yake, halafu itafsiri kurudi Kiswahili kwa mdomo. Ikirudi na ile ile maana, imevuka salama.

## Hatua ya 8: Iweke mahali pake, halafu uiadhibu insha nayo

Mahali pake ni mwisho wa utangulizi. Sentensi mbili tatu za mbele zimpeleke msomaji kwenye ugomvi, halafu hoja inafunga. Achana na kuanza na fasili ya kamusi ya ujamaa au na "tangu enzi na enzi". Anza karibu, kwa mfano na lile tangazo la Novemba 1973, maana hapo ndo hoja yako inapoanzia.

Ukishaandika insha yote fanya hivi: toa sentensi ya kwanza ya kila aya, zipange kwenye karatasi chini ya hoja kuu. Soma kutoka juu. Kila sentensi iwe inaibeba hoja, au inamjibu mpinzani. Aya ya Kagera ambayo ulishaipenda na ina nukuu nzuri, kama haibebi kitu, itoke. Inauma, najua, itoe tu.

Mara nyingine utakuta kinyume, mwili wa insha umekwenda mbali kuliko hoja. Umeanza na amri ya 1973 ila kurasa tatu nzuri kabisa zinahusu ushirika kuvunjwa 1976 na mkulima kukosa pa kuuzia. Hapo usilazimishe mwili urudi, badilisha hoja. Hoja ya mwanzo ilikuwa ya kukuongoza wewe, ile ya mwisho ndo ya kumwongoza msomaji, na kuibadilisha mara mbili tatu ni kawaida kabisa.

## Kama somo lako sio historia

Njia ni ile ile. Uchumi au biashara: "M-Pesa imeleta faida nyingi Kenya" ni droo tupu. Jaribu: *M-Pesa ilienea haraka Kenya baada ya 2007 kwa nguvu ya mawakala wa mtaani zaidi kuliko teknolojia yenyewe, kwa sababu kilichokuwa kinakosekana kwa watu wengi kilikuwa mahali pa karibu pa kuweka na kutoa pesa.* Hapo mtu wa teknolojia atabisha.

Elimu: "Kiswahili kitumike sekondari kwa sababu ni lugha yetu" ina moyo ila haina mifupa. Jaribu: *Ingawa wanafunzi wanaelewa zaidi wakifundishwa kwa Kiswahili, kubadili lugha ya sekondari bila kwanza kuandaa vitabu na mitihani kutahamisha mzigo kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu, kwa sababu yeye ndiye atakayelazimika kutafsiri somo kila siku akiwa darasani.* Hata mtu anayekipenda Kiswahili, kama mimi, anaweza kuitetea hiyo au kuipinga kwa hoja.

## Kama dedilaini ni kesho asubuhi

Acha kurekebisha nukta na mkato. Toa dakika arobaini. Kumi za kwanza lipasue swali kama hatua ya 1. Tano zinazofuata jirekodi, bila kusoma chochote, ukianza na "mimi naona". Kumi ipange kwa Ingawa. Zilizobaki pitia sentensi za kwanza za aya zako, zile mbili zinazobeba hoja zaidi zipeleke mbele, inayogongana nayo ifute, halafu badilisha sentensi ya mwisho ya utangulizi na sentensi ya kwanza ya hitimisho zifanane kwa maana. Ndo uende steshenari.